Mguu wa Nyumba

Novatus hakupiga hodi. Alipita moja kwa moja hadi nyuma ya jiko, pale kaka yake Gervas alipokuwa amekaa kando ya shimo la ndizi, magongo yake yameegemezwa ukutani. Akasimama, akanusa.

"Zimeiva," alisema.

"Zimeiva. Kesho tunafukua. Vijana wako waje mapema, wawe wameshakula."

Novatus alichokoa udongo wa juu ya shimo kwa ncha ya buti lake. Joto likatoka pamoja na harufu, ile harufu tamu nzito ya ndizi zilizovumbikwa, ambayo kijiji kizima cha Mugoma huijua kuwa ndiyo Krismasi yenyewe.

"Vijana hawatakuja, kaka."

"Wanaumwa?"

"Wazima. Watakuja ukishasema neno moja. Kesho, mbele ya mama na watu wote, utamke kwamba baada yako migomba hii ni ya mwanangu Pius. Ukitamka, watakanyaga mpaka jua lizame. Usipotamka, kanyaga mwenyewe." Akayatupia jicho magongo. "Kama unaweza."

Gervas aliutazama mguu wake wa kushoto, ule uliovunjika mwezi wa nane alipoanguka na bodaboda kwenye mteremko wa kutoka Ngara mjini. Ndani yake kulikuwa na vyuma. Kisha akamtazama mdogo wake.

"Njia uliyojia unaijua," alisema.

"Ndilo jibu lako?"

"Ndilo."

Mtu asiyetoka huku anaweza kuona kwamba ndugu wawili wanagombania juisi. Acha aone hivyo. Ndizi za pombe zikikatwa huvumbikwa shimoni, zikafunikwa kwa majani ya mgomba na udongo, zikapikwa na joto lao zenyewe hadi ziive. Zikifukuliwa humenywa na kumwagwa ndani ya umuvure, yaani mtumbwi wa mti uliochongwa kwa kazi hiyo tu, zikachanganywa na nyasi, watu wakaingia kwa miguu na kukanyaga. Maji yanayotoka, kabla hayajatiwa mtama yakageuka kuwa pombe ya rubisi, ndiyo umutobe. Ni mtamu kuliko soda yoyote uliyowahi kulipia, na hauna subira. Ukiuacha kidogo tu unaanza kuchacha. Kwa hiyo hunywewa palepale penye mtumbwi, mkesha wa sikukuu, na watoto, na wanawake, na hata katekista. Nyumbani kwa Gervas ulikuwa na kazi nyingine tena. Mkewe, Koleta, aliukandia unga wa maandazi badala ya maji na sukari. Maandazi yale yakitoka kwenye mafuta yalikuwa na rangi ya udongo wa kilimani, na mtu aliyenuna akiuma moja husahau alichonunia.

Lakini umutobe una masharti. Wa kuuza, mwite kibarua yeyote akukanyagie. Wa sikukuu hukanyagwa na mguu wa nyumba. Anayekanyaga leo ndiye atakayekata mikungu kesho, na ukoo mzima hulisoma jambo hilo pale mtumbwini bila kuandikiwa. Na mguu huo sharti uwe wa mwanamume. Mwanamke hufukua na kumenya, lakini ndizi zikishamwagwa anafukuzwa kama kuku aliyeingia kwenye unga. Husemwa kwamba akikanyaga yeye, ndizi zitagoma kutoa maji.

Gervas alikuwa na mabinti wawili. Mtoto wa kiume hakuwa naye.

Jioni hiyo Koleta alimwekea mumewe maji ya kunawa, akasema bila kumtazama, "Bulugu na Diana wanafika kesho asubuhi. Mkwe wako ana miguu kama nguzo za kanisa."

"Nikimwingiza Bulugu mtumbwini, kabla ya Mwaka Mpya utasikia nimewapa Wasukuma shamba walishie ng'ombe."

"Basi Nshimiyimana. Kila siku anapita hapa kutafuta kibarua."

"Nimesema mguu wa nyumba, Koleta. Nikimweka kibarua, Novatus atakuja kunipa pole kana kwamba nimefiwa."

Christina, binti mdogo, alikuwa ameinama jikoni anageuza sufuria. Ndiye aliyebaki nyumbani. Tangu baba yake aanguke, yeye ndiye aliyepogoa migomba, akabeba samadi, akang'oa mashina yaliyoshikwa na mnyauko na kuyazika kabla ugonjwa haujasambaa. Pius, mtoto wa baba yake mdogo, alikuwa amefika shambani mara moja tu, kutafuta mbwa wake.

"Miguu ya nyumba ipo," Christina alisema. "Miwili yangu, miwili ya Diana."

Sufuria ilitokota. Gervas aliuangalia mlango wazi, na migomba iliyosimama nje kimya, na akagundua kitu cha ajabu: hakuwa na uhakika kama aliuamini mwiko ule. Alikuwa ameufuata tangu akiwa kijana, amewafukuza dada zake mtumbwini kwa fimbo huku akicheka, lakini hakuna mtu aliyewahi kumuuliza kama anaamini.

Alichokiogopa kilikuwa kingine. Umutobe ukikamuliwa, kibuyu cha kwanza hupelekwa kwa mkubwa wa nyumba, na hakuna midomo mingine inayogusa kabla yake. Mkubwa wa nyumba ile alikuwa mama yake, Restuta, bibi mwenye meno machache na msimamo mkavu. Akinywa, amekubali mguu uliokanyaga. Akikataa, watu wataondoka na vikombe vyao vikavu, na Novatus hatakuwa na haja ya kusema neno tena.

"Bibi je?" Koleta aliuliza, kama aliyesikia mawazo yake. "Utamwambia saa ngapi kwamba watakanyaga wasichana?"

"Sitamwambia. Ataona."

"Hutaomba ruhusa?"

"Siombi ruhusa ya kunyimwa."

Asubuhi ya mkesha Diana alishuka na familia yake kutoka Runazi, bodaboda mbili, watoto wamebanwa katikati, na mfuko wa michembe mgongoni kwa Bulugu, vile viazi vitamu vilivyokatwa vipande na kukaushwa ambavyo Wasukuma hawaendi ugenini bila kuvibeba. Diana aliambiwa kwamba atakanyaga. Alivua viatu.

"Shikamoo, mzee," Bulugu alisema, akikaa mbali kidogo kwa heshima ya ukwe. "Nasikia leo wanawake wanakanyaga. Kwetu wanawake wakishika kazi ya wanaume, tunauliza wanaume wamefia wapi."

"Marahaba. Mmoja kavunjika mguu. Wengine wamejifia tu, wanatembea."

Bulugu alicheka mpaka akakohoa. Akapewa kisu na rundo la ndizi, akaanza kumenya. Moja mtumbwini, moja mdomoni.

"Baba Nshoma," Diana alimwambia, "tunamenyea mtumbwi, hatumenyei tumbo."

"Naonja kama zina sumu. Kwenu siwaamini."

Nshoma, binti yao mdogo, alikuwa tayari amejipanga na kikombe cha plastiki, na nyuma yake watoto wa jirani. Restuta alikuwa ameketi chini ya upenu wa nyumba yake ndogo, mahali pake pa siku zote. Viti hakuvipenda. Alikalia rundo la nyasi alizokatiwa kiangazi, zilizokauka zikawa na rangi ya simba, na kila alipotikisika zilitoa sauti. Aliyaona yote.

Kisha akaja Novatus na wanawe watatu, wamevaa nguo za misa, mashati yamepigwa pasi, ili kila mtu aone kwamba hawakuja kufanya kazi. Wakakaa kwenye gogo. Majirani nao wakaanza kusogea, mmoja akijifanya anatafuta mbuzi, mwingine akiomba moto.

Ndizi zilimwagwa mtumbwini. Wanawake wawili wa jirani waliokuwa wakimenya walinyanyuka wenyewe na kurudi nyuma kwa mazoea. Christina na Diana hawakurudi nyuma. Walinawa miguu kwa sabuni, wakafunga vitenge juu ya magoti, wakatandaza nyasi walizokata alfajiri. Christina akatia mguu ndani.

Restuta alifunika mdomo kwa kanga.

Walikanyaga. Walishikana mabega, wakapanda na kushuka, ndizi zikapondeka na kuwa uji wa njano uliowapanda hadi vifundoni. Uji ukawa mzito, nyasi zikazama ndani yake, lakini maji hayakutoka. Diana aliinamisha kichwa akatazama kwenye ncha ya mtumbwi, pale yanapokusanyika. Palikuwa pakavu. Wakaongeza nguvu. Jasho likawatoka, umutobe haukutoka.

"Zimegoma," Novatus alisema kwa utulivu, kama mtu anayetaja saa.

Mtu mmoja alicheka nyuma. Pius alinyoosha miguu yake na viatu vyake vya misa. "Dada, hapo mnakanda udongo wa kujengea."

"Tukimaliza tutakujengea," Diana alimjibu bila kusimama. "Umri huo na bado unalala kwa mama yako."

Watu wakacheka upande mwingine, lakini Gervas hakucheka. Muda wote huo alikuwa ameutazama uso wa mama yake, mtumbwi hakuutazama. Sasa akautazama. Akaona nyasi zinazotoka kati ya vidole vya Christina, za kijani, laini, zinateleza kama kambare.

Hasira ilimpanda, na haikuwa kwa mabinti. Nani angewafundisha? Ndizi zikifika mtumbwini wao hufukuzwa. Walijua kwamba nyasi zinatiwa. Hawakujua ni nyasi gani, wakaenda kukata mbichi zenye umande, wakidhani sikukuu inataka vitu vipya.

"Simameni," alisema. "Ndizi hazijagoma. Nyasi ndizo mbaya. Zitoeni zote. Zinatakiwa kavu, zenye makali, zikwaruze."

"Kaka, acha kujiaibisha," Novatus alisema.

"Nikitaka aibu nitakuja kuiazima kwako. Christina, nyasi kavu."

Lakini ilikuwa Desemba, na mvua ilikuwa imenyesha karibu kila siku. Kote kilimani hapakuwa na unyasi mkavu. Christina aliingia sebuleni na miguu yake ya njano, akatoka na fungu dogo la nyasi kutoka kwenye pango la Mtoto Yesu ambalo watoto wa jirani walilijenga kwenye kona.

Nshoma alianza kulia. "Mtoto Yesu atalalia nini?"

Bulugu alivua sweta lake. "Atalalia hili. Mwambie ni la Runazi, asilikojolee."

Nyasi zile zilipotea ndani ya uji wa ndizi kama chumvi. Hazikutosha hata robo. Na ndipo macho ya watu, moja baada ya jingine, yakaenda chini ya upenu na kubaki huko. Kwa Gervas, kumnyanyua mama yake mahali pake ili kuvunja mwiko wa mama yake, hilo lilikuwa zito kwenye ulimi.

"Mwacheni mama akae," Novatus alisema, maana naye alikuwa ameona.

Restuta alishika ukuta. Akainuka taratibu, goti moja, halafu lingine. Akakung'uta kanga yake.

"Hizi nyasi zina viroboto," alisema. "Tangu juzi wananiuma. Ziondoeni hapa kabla ya sikukuu."

Christina alikuwa amezibeba kabla bibi hajafunga mdomo.

Nyasi kavu zilipochanganywa na miguu ikashuka tena, sauti ya mtumbwi ilibadilika. Kwanza ilikuwa kama mtu anayetafuna, kisha ikawa kama mtu anayenyonya. Povu likapanda kati ya vidole vya miguu. Halafu uzi mwembamba wa maji ukateremka kwenye mti, ukafika kwenye ncha ya mtumbwi, wa pili ukaufuata, na palepale pakawa na dimbwi la rangi ya chai ya maziwa. Nyuki walifika kabla ya watoto. Koleta alipiga kigelegele kimoja kifupi, akajishika mdomo, akaenda kutafuta kibuyu.

Pale kwenye gogo, Pius alikuwa amekunja miguu yake chini.

Koleta alichota, akachuja, akamkabidhi mumewe kibuyu. Gervas alichukua gongo moja tu, akashika kibuyu kwa mkono mwingine, akatembea mwenyewe hadi upenuni. Novatus alimfuata, akasimama upande wa pili wa mama yao.

"Mama," Novatus alisema, "ukinywa hicho umekata shauri. Unajua."

Restuta alikuwa amesimama, hana tena mahali pa kukaa. Alikitazama kibuyu. Harufu ilikuwa ikimpanda usoni, mtu angeweza kuiona inavyompanda. Lakini mikono ilibaki ndani ya kanga.

"Baba yenu asingelikubali jambo hili," alisema.

"Baba amekufa," Gervas alisema. "Mimi bado. Mama, nakuheshimu, ndiyo maana nimekuja kwa mguu mmoja. Lakini nisikie. Mwaka huu ulikula ndizi za nani? Nani alizipalilia? Huyu hapa, Christina. Wakati mnyauko umeingia, wajukuu zako waliovaa mashati walikuwa wapi? Shamba ni la Christina na Diana. Ukinywa ni lao, usiponywa ni lao. Tofauti ni moja tu, kwamba usiponywa, nitakunywa mimi kwanza, hapahapa mbele yako, na watoto watakunywa baada yangu. Itasemwa kwamba Gervas alimtangulia mama yake. Wacha isemwe."

Kumtangulia mzazi kwenye kibuyu cha sikukuu lilikuwa jambo ambalo hata mlevi hakulifanya.

"Huwezi," Novatus alisema.

Gervas alikiinua kibuyu. Povu likamwagika kwenye shati. Kilifika kidevuni.

Mkono mkavu ulitoka ndani ya kanga ukakamata shingo ya kibuyu.

"Lete hapa," Restuta alisema. "Sijakubali kitu. Nina kiu tangu asubuhi, na ninyi mnahutubia."

Akanywa. Alinywa kwa muda mrefu, koo lake jembamba likipanda na kushuka, na watoto wakiwa wamenyoosha shingo zao pamoja naye. Alipokiteremsha alikuwa na masharubu ya povu. Alitema unyasi mmoja mdogo kiganjani, akaugeuza kwenye mwanga, akauchunguza.

"Mchujo mbaya," alisema. "Mwaka kesho hawa wasichana wachuje mara mbili."

Kisha akamrudishia Koleta kibuyu ili kijazwe tena.

Novatus alisikia lile neno "mwaka kesho" kama kila mtu alivyolisikia. Alisubiri mama yake aongeze jingine, aligeuze. Restuta alikuwa akilamba mdomo. Novatus akageuka, akakata njia katikati ya migomba kuelekea kwake, bila kuaga, shati lake jeupe likionekana na kupotea, kuonekana na kupotea.

Watoto waliuvamia mtumbwi. Bulugu alilowesha michembe yake ndani ya umutobe, akaila macho yamefungwa, akatangaza kwamba Wahangaza wa ukweni kwake wana kitu kimoja kizuri na kwamba sasa amekijua. Koleta alianza kukanda unga. Mafuta yalipopata moto na maandazi ya kwanza kuvimba, wana wa Novatus walikuwa bado wapo, hawajui waende au wabaki. Hatimaye Pius alisogea, kikombe mkononi. Haikujulikana amekipata wapi.

"Dada Christina, na mimi basi."

Christina alikuwa bado amesimama mtumbwini, amepakwa njano hadi magotini, sisimizi wameshaanza kumpanda. Alimtazama juu hadi chini, akaishia kwenye viatu.

"Panga foleni," alisema. "Nyuma ya Nshoma."

Pius akapanga.

Koleta alifunga maandazi ya moto kwenye jani la mgomba, akayashika mkononi, akamtazama mumewe. Gervas alikuwa amekaa kwenye gogo alilokuwa amekalia Novatus, amenyoosha mguu wake wa vyuma, andazi moja mdomoni na jingine mkononi.

"Mpelekee Novatus," alisema akitafuna. "Mengi. Asije akasema tumemnyima chakula cha sikukuu."

"Na akiuliza habari ya shamba?"

"Mwambie ale kwanza. Shamba tumemnyima."